Machafuko ya Nchi za Watu na Wajibu wa Kujali

Swali la kama watu hujali machafuko ya kisiasa katika nchi isiyo yao lina pande mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Upande wa kwanza ni wa hali halisi: je, watu huguswa, na kwa nini nchi moja huliliwa huku nyingine ikisahauliwa? Upande wa pili ni wa maadili: je, wanapaswa kujali, na kama wanapaswa, wajibu huo unaanzia wapi na unaishia wapi? Jibu la upande mmoja halitoshi kuwa jibu la upande wa pili. Watu wakivisahau vita fulani, usahaulifu wao hauthibitishi kwamba vita hivyo haviwahusu. Na wakilia sana, machozi yao hayathibitishi kwamba wametimiza wajibu.

Vita vya Sudan vinafaa kuwa kipimo cha maswali yote mawili. Umoja wa Mataifa umevitaja kuwa chanzo cha wimbi kubwa kuliko yote duniani la watu waliong'olewa makwao, na bado kwa muda mrefu vimepewa nafasi ndogo katika mazungumzo ya dunia. Tena Sudan si nchi ya mbali kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Inaungana nao kwa mto Nile, kwa biashara, kwa dini na kwa njia za wakimbizi.

Sudan mbele ya macho ya dunia

Mgogoro huo haukuanza kwa bunduki. Desemba 2018 wananchi wa Atbara, mji wa reli ulio kaskazini mwa Khartoum, waliingia barabarani baada ya bei ya mkate kupanda, na maandamano yakaenea nchi nzima. Walidai uhuru, amani na haki. Tarehe 11 Aprili 2019 Omar al-Bashir, aliyetawala tangu 1989, aliondolewa na jeshi lake mwenyewe. Waandamanaji hawakurudi nyumbani. Waliendelea kukaa mbele ya makao makuu ya jeshi wakitaka utawala wa kiraia. Alfajiri ya tarehe 3 Juni 2019 kambi yao ilishambuliwa na zaidi ya watu mia moja wakauawa. Siku zilizofuata, watu wengi katika nchi mbalimbali waligeuza picha zao mitandaoni kuwa za rangi ya buluu, rangi aliyoipenda kijana mmoja aliyeuawa siku ile. Kwa muda, Sudan ikawa gumzo la dunia. Mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 25 Oktoba 2021, yaliyozima serikali ya mpito, hayakuamsha msisimko wa aina hiyo.

Tarehe 15 Aprili 2023 majenerali wawili walioshirikiana katika mapinduzi hayo walianza kupigana wao kwa wao: Abdel Fattah al-Burhan, mkuu wa jeshi la taifa, na Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu kwa jina la Hemedti, kiongozi wa wanamgambo wa RSF. Wiki za kwanza habari zilitawaliwa na uokoaji wa wageni. Serikali nyingi zilituma ndege na meli kuwachukua raia wao. Tanzania na Kenya nazo ziliwarudisha nyumbani wanafunzi waliokuwa wakisoma Khartoum. Wageni walipokwisha kuondoka, nafasi ya Sudan katika taarifa za habari ilipungua, ilhali maafa yenyewe yalizidi. Mwaka 2023 maelfu ya watu wa kabila la Masalit waliuawa El Geneina, Darfur Magharibi. Agosti 2024 wataalamu walithibitisha baa la njaa katika kambi ya Zamzam. Tarehe 26 Oktoba 2025 mji wa El Fasher, uliokuwa umezingirwa kwa zaidi ya siku 500, uliangukia mikononi mwa RSF, na mauaji ya raia yakafuata. Kufikia mwaka huo watu waliong'olewa makwao, ndani ya nchi na nje yake, walikuwa wamepita milioni 12.

Mfuatano huu wa mambo unaonyesha kwamba kujali kwa dunia hakukwenda sambamba na ukubwa wa maafa. Kulifuata upatikanaji wa picha, uwepo wa wageni, na urahisi wa kujua nani mwonevu na nani mwonewa. Umma uliosimama bila silaha mbele ya askari ulieleweka upesi. Majenerali wawili wanaogombea nchi, kila mmoja na damu mikononi, waliwafanya wengi wakate tamaa ya kuelewa.

Kwa nini huruma hupungua

Udhaifu huu umechunguzwa tangu zamani. Adam Smith, katika kitabu chake kuhusu hisia za maadili kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1759, alimwaza mtu mwema wa Ulaya anayepata habari kwamba nchi yote ya China imemezwa na tetemeko la ardhi. Mtu huyo atasikitika, atatafakari juu ya udhaifu wa maisha, kisha atarudi kwenye shughuli zake na usiku atalala vizuri. Lakini akiambiwa kwamba kesho atakatwa kidole kidogo cha mkono, hatapata usingizi. Wengi hukumbuka sehemu hii ya mfano na kuisahau inayofuata. Smith aliuliza: je, mtu huyo angekubali mamilioni ya watu waangamie ili kidole chake kipone? Alijibu kwamba hapana, wazo lenyewe humtia mtu kinyaa. Kinachomzuia si huruma, kwa kuwa huruma imekwisha kuonekana kuwa dhaifu. Ni akili na dhamiri, yule hakimu aliye ndani ya mtu, anayemkumbusha kwamba yeye ni mmoja tu kati ya wengi. Kwa hiyo wajibu kwa watu wa mbali haukujengwa juu ya nguvu ya hisia. Mtu asiyelia kwa ajili ya El Fasher hajapoteza wajibu wake, na aliyelia hajaumaliza.

Ibn Khaldun, katika Mukadima yake ya mwaka 1377, alieleza chanzo cha mshikamano wa kundi, yaani asabiya. Mtu huona uchungu na fedheha jamaa yake anapodhulumiwa, na uchungu huo humsukuma kumtetea. Lakini Ibn Khaldun aliona pia kwamba nasaba yenyewe ni jambo la kufikirika zaidi kuliko kitu cha kushikika. Faida yake ni ule uhusiano unaozaliwa watu wanapoishi pamoja na kusaidiana. Ikiwa ni hivyo, duara la jamaa halikuchorwa na maumbile mara moja tu. Linaweza kupanuka pale uhusiano wa kweli unapojengwa, na kusinyaa pale unapopuuzwa.

Umbali na ujinga, hata hivyo, havielezi kila kitu. Rwanda mwaka 1994 ni ushahidi. Tarehe 11 Januari mwaka huo Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa askari wa Umoja wa Mataifa mjini Kigali, aliwaarifu wakubwa wake New York juu ya silaha zilizofichwa na mipango ya kuua Watutsi. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili, Baraza la Usalama halikuongeza askari; tarehe 21 Aprili liliamua kuwapunguza hadi kufikia 270 hivi. Taarifa zilikuwepo. Kilichokosekana ni nia.

Yapo pia maslahi. Sudan ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote wa gundi ya mgunga, inayotumika katika soda, peremende na dawa. Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo vya biashara mwaka 1997, gundi hiyo iliruhusiwa kupita kwa sababu viwanda viliihitaji. Nchi iliyotajwa kuwa ya kutengwa ilibaki ikiingia majumbani kila siku kupitia chupa za vinywaji. Ndivyo ilivyo kwa nchi nyingi: watu huwa hawana habari na wale ambao tayari wanafaidi jasho lao.

Hoja za kujiweka kando

Wanaosema kwamba machafuko ya nchi nyingine hayawahusu si wote wenye moyo mgumu. Hoja zao ni nne, na kila moja ina sehemu ya ukweli.

Hoja ya kwanza ni ya mpangilio wa upendo. Mtu ana wazazi, watoto, majirani na taifa lake. Akiwapenda walimwengu wote sawasawa, hatampenda yeyote ipasavyo. Katika karne ya nne kabla ya Kristo, Mencius wa China aliwapinga kwa hoja hii wafuasi wa Mozi waliohubiri upendo usiobagua. Rousseau naye, mwaka 1762, alionya juu ya watu wanaotafuta vitabuni wajibu wa mbali ili wakwepe ule ulio mlangoni pao. Onyo hilo ni la haki. Lakini Mencius huyohuyo alifundisha kwamba mtu yeyote akimwona mtoto anakaribia kutumbukia kisimani hushtuka, bila kuuliza ni mtoto wa nani. Kuwapa walio karibu haki ya kwanza si sawa na kuwanyima walio mbali haki yote.

Hoja ya pili ni ya kutojua. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mgeni anayeingilia ugomvi ambao haijui mizizi yake anaweza kumtetea dhalimu akidhani ni mwonewa. Hoja hii inadai unyenyekevu na uchunguzi, lakini haitoi ruhusa ya kufumba macho. Asiyejua anaweza kujifunza, na aliyejifunza kidogo anaweza kutofautisha kati ya mzozo wa vyama bungeni na kuzingira mji wenye watoto kwa njaa.

Hoja ya tatu ni ya kutoweza: fimbo ya mbali haiui nyoka. Mkulima wa Njombe au mvuvi wa Lamu hana la kumwamuru Hemedti wala Burhan. Ni kweli, na ndiyo maana wajibu hauwezi kuwa mmoja kwa wote. Lakini wapo wenye fimbo za karibu: serikali zinazopokea wajumbe wa pande zinazopigana, wafanyabiashara wanaonunua dhahabu, maofisa wa mpakani, wahariri. Kutoweza kwa mmoja hakuwezi kuwa kinga ya mwingine.

Hoja ya nne ni ya enzi ya nchi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa saini Addis Ababa mwaka 1963, uliweka kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Nchi zilizokuwa zimetoka kutawaliwa zilikuwa na kila sababu ya kuogopa wageni wanaokuja kwa jina la msaada. Mwanafalsafa John Stuart Mill, akiandika mwaka 1859, aliongeza kwamba uhuru unaoletwa na majeshi ya kigeni kwa watu wasioupigania wenyewe haudumu. Hata hivyo Mill alikubali kwamba pale taifa moja la nje limekwisha kuingilia na kumsaidia mwonevu, kulizuia si kuvunja kanuni bali ni kuilinda. Katika vita vya Sudan hali hiyo imejitokeza. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 iliona kuwa ni za kuaminika tuhuma kwamba silaha za RSF zilipitishwa Chad zikitoka Falme za Kiarabu. Serikali ya nchi hiyo imekanusha. Vita vinapolishwa kutoka nje, kudai kwamba ni mambo ya ndani ya Wasudani ni kuwaachia uwanja wanaovilisha.

Mafundisho ya dini

Dini mbili zenye wafuasi wengi Afrika Mashariki hazikuliacha swali hili bila jibu. Katika Biblia, nabii Amosi, mtu wa Tekoa, anaanza kitabu chake kwa kuzitaja dhambi za mataifa ya nje: Damasko, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni na Moabu. Kosa la Moabu linastahili kuangaliwa kwa makini, maana Moabu haikuidhuru Israeli katika jambo hilo. Iliichoma mifupa ya mfalme wa Edomu. Uovu wa taifa moja la kigeni dhidi ya taifa jingine la kigeni unahesabiwa mbele za Mungu, ingawa hakuna Mwisraeli aliyeumia. Kitabu cha Yona kinakwenda mbali zaidi. Nabii anakasirika kwa sababu Mungu ameuhurumia Ninawi, mji wa maadui, na kitabu kinaishia kwa swali la Mungu kuhusu wakazi wake zaidi ya 120,000. Msomaji anaachiwa alijibu mwenyewe.

Mfano wa Msamaria mwema, katika Injili ya Luka sura ya 10, hutajwa kila mahali palipo na mazungumzo ya huruma. Nguvu yake iko katika namna Yesu anavyoligeuza swali. Mwanasheria alitaka kujua jirani yake ni nani, yaani mpaka wa wajibu umepita wapi. Yesu alimuuliza ni nani kati ya wapita njia watatu aliyejifanya jirani wa mtu aliyepigwa. Ujirani, kwa fundisho hili, ni tendo linalofanywa na yule aliyefika mahali pa tukio akiwa na uwezo wa kusaidia.

Katika Uislamu, Surat Ar-Rum inaanza na habari za vita vya mataifa ya nje. Warumi wa Bizanti walikuwa wameshindwa katika nchi iliyo karibu, na aya zinaahidi kwamba watashinda baada ya miaka michache, na siku hiyo waumini watafurahi. Kwa maelezo ya wafasiri, Waislamu wachache wa Makka, ambao wenyewe walikuwa wakiteswa, walikuwa wakiufuatilia ugomvi wa Warumi na Waajemi na wakaumia kwa kushindwa kwa Watu wa Kitabu. Dhiki yao wenyewe haikuwafanya wasahau mambo ya dunia.

Surat Al-Hujurat inatoa masharti ya kujali huko. Aya ya 6 inaamuru habari ichunguzwe inapoletwa na mtu asiyeaminika, ili watu wasije wakadhuriwa kwa kutojua. Aya ya 9 inawataka waumini wayapatanishe makundi mawili yanayopigana na kulizuia lile linalodhulumu. Aya ya 13 inasema wanadamu wamefanywa mataifa na makabila ili wajuane. Uchunguzi, upatanisho wa haki na kujuana vinakwenda pamoja. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki huharibika. Vita vya Sudan, ambavyo wapiganaji wake wa pande zote mbili ni Waislamu kwa wingi, vinaonyesha kwamba kuwa na dini moja peke yake hakuzuii damu. Kinachotakiwa ni kuitii.

Historia ya Kiislamu ina pia mfano wa Najashi, mfalme Mkristo wa Habasha. Yapata mwaka 615 kundi la Waislamu lilikimbilia kwake kutoka Makka. Makureshi walituma wajumbe wenye zawadi ili wakimbizi hao warudishwe. Najashi hakuamua kabla ya kuwasikiliza waliotuhumiwa. Jaafar bin Abi Talib alisimama akaeleza, na mfalme akakataa kuwatoa na zawadi akazirudisha. Kumsikiliza mkimbizi, kumpa hifadhi, na kutokubali faida ya kumsaliti ni mambo matatu ambayo serikali yoyote inaweza kupimwa kwayo hadi leo.

Wanafalsafa na utu

Nje ya dini, hoja ya kujali imejengwa kwa njia kadhaa. Hierocles, Mstoiki wa karne ya pili, alimweleza kila mtu kuwa amezungukwa na miduara: mwili wake, familia, jamaa, mji, nchi, hadi wanadamu wote; kazi ya mwenye busara ni kuivuta ya nje iwe karibu zaidi na ya ndani. Kant, mwaka 1795, alisema mahusiano ya watu wa dunia yamefika mahali ambapo haki ikivunjwa mahali pamoja athari yake husikika kote, na akaweka haki ya mgeni kutofukuzwa iwapo kufukuzwa kutamwangamiza. Peter Singer, katika makala yake maarufu ya mwaka 1972, alidai kwamba umbali haupunguzi wajibu hata kidogo: anayeweza kuzuia baya kubwa bila kupoteza kitu cha thamani ya kufanana nalo anapaswa kulizuia.

Singer aliandika akiwaza wakimbizi wa Bengali ya Mashariki, nchi ambayo leo ni Bangladesh. Dhiki yao ilitokana na siasa: jeshi la Pakistan lilianza kuwashambulia Machi 1971 baada ya chama chao kushinda uchaguzi. Hapa ndipo hoja yake, pamoja na ukali wake, inapopungukiwa. Inamtazama mtu wa mbali kama mwenye njaa tu, na kumjali kukawa kumpelekea chakula. Lakini machafuko ya kisiasa hayafanani na mafuriko. Walioingia mitaani Atbara hawakuwa wakingoja kulishwa na dunia. Walikuwa na madai, hoja na mpango wa nchi wanayoitaka. Kuwajali ni pamoja na kuyasikia madai hayo na kuyapa uzito, si kuhesabu maiti na magunia ya unga peke yake.

Fikra za utu zinalisaidia jambo hili. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba mtu yupo kwa sababu ya wenzake na kwa ajili yao. Wapo wanaodai kwamba utu wa aina hiyo ulikuwa wa kijiji na ukoo, hauvuki mpaka. Lakini desturi za kumpokea mgeni, kumpa maji kabla ya kumuuliza shida yake na kumsikiliza, zimeenea mno barani kiasi kwamba haziwezi kuitwa jambo la ndani ya ukoo.

Fundisho linalofunga hoja hizi zote linatoka kwa Augustino wa Hippo, aliyezaliwa katika ardhi ambayo sasa ni ya Algeria. Watu wote wapendwe sawa, alifundisha, lakini kwa kuwa haiwezekani kuwasaidia wote, aangaliwe zaidi yule ambaye mahali, wakati au tukio vimemleta karibu, kana kwamba amechaguliwa kwa kura. Ukaribu hapo si wa damu wala wa maili. Ni ule wa mahusiano yaliyopo. Anayenunua dhahabu ya Darfur yuko karibu na Darfur hata akiwa Dubai. Vivyo hivyo nchi inayopakana na vita, inayofanya biashara na wapiganaji au inayowapa jukwaa, imekwisha kupigiwa kura.

Uzoefu wa Afrika Mashariki

Kanda hii ina historia ndefu ya kuvijali, au kutovijali, vita vya wengine. Kuanzia 1963 hadi 1994 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria. Mwalimu Julius Nyerere alitoa sababu zake waziwazi: dola ipo kwa ajili ya watu, na umoja hauwezi kujengwa kwa kuwatwaa kwa nguvu watu wanaoamini kwamba hawana usalama ndani yake. Nigeria ilikasirika, nchi nyingi za Afrika hazikukubaliana naye, na Biafra ilishindwa Januari 1970. Ubishi juu ya uamuzi huo haujaisha. Thamani yake katika somo hili ni kwamba ulifanywa kwa hoja iliyowekwa hadharani, ikaweza kupingwa kwa hoja.

Kwa wakimbizi wa Burundi waliofika mwaka 1972, kujali kulichukua sura ya kudumu zaidi: mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 kati yao na wazao wao walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Mazungumzo ya amani ya Burundi yalifanyika Arusha chini ya Nyerere, na baada ya kifo chake tarehe 14 Oktoba 1999 yakaongozwa na Nelson Mandela hadi mkataba ulipotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Sheria ya Kuundwa kwa Umoja wa Afrika ilikuwa imepitishwa Lomé, na kifungu chake cha 4 kikaupa Umoja haki ya kuingilia kati penye uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Bara lililoona Rwanda lilikiri kwamba kanuni ya 1963 haitoshi. Kutekeleza kukiri huko kumekuwa kugumu zaidi kuliko kukuandika.

Sudan imeonyesha ugumu huo. Februari 2025 RSF na washirika wake walikutana Nairobi na kutia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Serikali inayoongozwa na jeshi la Sudan ililalamika, na Machi ikasimamisha bidhaa kutoka Kenya, ikiwemo chai, ambayo Sudan ilikuwa mnunuzi wake muhimu. Mkulima wa chai wa Kericho aliguswa na vita ambavyo pengine hakuwahi kuvifuatilia.

Kiasi cha wajibu

Hadithi iliyomo katika Sahih Muslim inaagiza kwamba anayeona uovu auondoe kwa mkono wake. Asipoweza, kwa ulimi. Asipoweza, kwa moyo, na hiyo ndiyo daraja ya chini ya imani. Ngazi hizi tatu zinaupa wajibu kwa watu wa mbali mpangilio unaokosekana katika mijadala mingi, maana zinamdai kila mtu kwa kadiri ya nafasi yake.

Mkono ni wa wenye mamlaka na mali. Wajibu wao wa kwanza ni kutofaidika na moto: kutouza silaha, kutonunua dhahabu inayolipia risasi, kutoukodisha mji wao kwa wanaopanga kuigawa nchi ya wengine. Wa pili ni kufungua mlango. Chad, nchi yenye uhaba wa maji na chakula, imewapokea mamia ya maelfu ya Wasudani kupitia mji mdogo wa Adré, na Uganda imewapa wengine ardhi Kiryandongo. Nchi tajiri zaidi haziwezi kudai kwamba haiwezekani. Wa tatu ni kuwaunga mkono walio ndani. Kamati za mitaa zilizoshamiri katika maandamano ya 2018 zimegeuka kuwa vikundi vya kujitolea vinavyoendesha majiko ya pamoja, kutafuta dawa na kuwaondoa majeruhi katika miji ambayo mashirika makubwa hayakuweza kufika. Msaada unaopita kwao unawaheshimu Wasudani kama watu wanaojiokoa wenyewe.

Ulimi ni wa wanahabari, walimu, mashehe, maaskofu, wasanii na wapiga kura. Kazi yake ni kusema kweli iliyochunguzwa, kuitaja dhuluma ya kila upande kwa jina lake, na kuikataa chuki dhidi ya wakimbizi waliokwisha kufika. Ni kazi pia ya kudumu. Sauti inayopaa wiki moja na kunyamaza mwaka mzima huwafundisha wauaji kwamba wakingoja kidogo hakuna atakayewauliza.

Moyo ni wa kila mtu, na udogo wa ngazi yake usidharauliwe. Moyo unaokataa kuzoea mauaji ndio unaozaa ulimi na mkono siku nafasi inapopatikana. Dua kwa ajili ya watu wa El Fasher, ikiombwa kwa kuwajua, humzuia mwombaji asiwaone kuwa namba.

Wajibu huu una mipaka. Hakuna anayedaiwa kuulilia kila mji kama anavyomlilia mama yake, wala kuacha watoto wake bila ada ili atume fedha nje, wala kuwa na msimamo juu ya kila ugomvi wa dunia. Anayedaiwa ni mtu aliyefungamana na machafuko fulani kwa biashara, mpaka, madaraka, dini au elimu, na deni lake linalingana na ufungamano huo. Watu kwa asili hujali kwa upungufu na upendeleo. Hilo ni udhaifu wa kibinadamu na halimhukumu yeyote. Hukumu inaanza pale mtu, au serikali, inapokuwa na sehemu katika maumivu ya wengine na kujitetea kwa kusema kwamba hiyo ni nchi ya watu.